Matini Bila Sanadi: Tovuti katika Marejeleo ya Wanafunzi wa Kiswahili

Suala la tovuti limezigawa idara zetu za Kiswahili katika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wahadhiri ambao, wakiiona anwani ya mtandao katika orodha ya marejeleo, huipiga mstari mwekundu pasi na kuifungua. Kambi ya pili ni ya wanafunzi ambao huandika neno moja au mawili kwenye tarakilishi, wakauchukua ukurasa wa kwanza unaojitokeza, wakaunakili, kisha wakabandika chini yake anwani ndefu isiyo na jina la mwandishi wala tarehe. Kambi hizi hulaumiana kila muhula wa kuwasilisha tasnifu unapowadia. Maoni yangu ni kwamba zote mbili zimepotoka, na kwamba upotovu wao una asili moja. Zote huuliza maarifa yamepatikana wapi, ilhali swali la msomi ni maarifa hayo yamepitia mikononi mwa nani hadi yakamfikia.

Swali hilo si geni katika utamaduni ulioilea lugha tunayoisoma. Wanavyuoni wa Kiislamu walipozikusanya hadithi za Mtume hawakuridhika na maneno peke yake. Kila hadithi ilikuwa na sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi walioyapokea na kuyatoa, mmoja baada ya mwingine. Mnyororo ulipokatika, au mpokezi mmoja alipojulikana kuwa msahaulifu au mwongo, hadithi ilitiliwa shaka hata kama maneno yake yalipendeza. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alijipatia heshima yake kwa ukali wa uchujaji wa aina hiyo. Mazoea hayo yalifika pwani yetu pamoja na elimu ya vyuoni. Shehe wa Lamu au wa Unguja aliyepewa ijaza ya kufundisha kitabu fulani aliweza kumtaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Ajabu ni kwamba sisi wanafunzi wa isimu na fasihi tumelitwaa neno matini, tukalifanya istilahi ya kila siku, tukaitungia isimu matini na uchanganuzi matini, kisha tukamwacha pacha wake nje mlangoni.

Natumia neno sanadi katika makala haya kwa makusudi. Sina nia ya kuigeuza tasnifu kuwa kitabu cha dini. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kuhakiki tovuti si ufundi mpya tunaopaswa kuuagiza kutoka ng'ambo, bali ni swali la kale tuliloliacha likaingia kutu.

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Hakuna mwanafunzi wa fasihi simulizi asiyekutana mtandaoni na ile inayoitwa methali ya Kiafrika isemayo kwamba mtoto hulelewa na kijiji kizima. Kauli hiyo ilienea mno ulimwenguni baada ya Hillary Clinton kuitumia katika anwani ya kitabu chake cha mwaka 1996. Leo imejaa katika maelfu ya kurasa. Ukurasa mmoja huihusisha na Waigbo, mwingine na Wayoruba, mwingine na Waswahili, na nyingi hutosheka na kusema tu kwamba ni ya Afrika, kana kwamba Afrika ni kijiji chenyewe. Hakuna lugha mahsusi ya bara hili iliyothibitishwa kuwa chimbuko la maneno hayo jinsi yalivyo. Kiswahili kina methali isemayo mkono mmoja haulei mwana, na kurasa kadhaa huiweka kando ya ile ya kijiji kama kwamba ni tafsiri yake. Lakini mkono si kijiji. Methali ya mkono inazungumzia udhaifu wa mtu anayefanya kazi peke yake; haikuamua kama atakayemsaidia ni mume, dada, jirani au kijiji. Mwanafunzi anayeichanganua methali ya kijiji kama kioo cha falsafa ya Waswahili anachanganua kitu ambacho huenda hakikupata kusemwa na Mswahili yeyote kabla ya kukisoma kwa Kiingereza.

Je, angefanyaje? Angeuliza nani aliisikia, wapi, na lini. William Taylor, mmishonari aliyeishi Mombasa, alichapisha mkusanyo wake wa methali za Waswahili mwaka 1891. Kitula King'ei na Ahmed Ndalu wametuandikia Kamusi ya Methali. Naye Albert Scheven alikusanya methali nyingi na kuzichapisha mwaka 1981, na mkusanyo wake baadaye uliwekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Illinois. Tazama basi: huo wa mwisho ni tovuti, na unafaa kurejelewa, kwa kuwa tunamjua mkusanyaji na tunakijua kitabu kilichotangulia. Ubaya wa ile kurasa ya kijiji hautokani na kuwa kwake mtandaoni. Unatokana na kutokuwa na baba.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, maana unaigusa kazi tunayodai kuwa ni yetu hasa, yaani uhakiki wa tungo. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na mwanamke wa kaskazini mwa pwani ya Kenya kwa ajili ya binti yake. Umetujia kupitia miswada ya hati za Kiarabu. Alice Werner na William Hichens waliutoa kitabuni mwaka 1934, J. W. T. Allen akauingiza katika mkusanyo wake wa tendi sita wa mwaka 1971. Matoleo haya hayafanani kila neno, kwa kuwa miswada nayo haifanani, na kwa kuwa hati za Kiarabu zinahitaji msomaji aamue jinsi ya kuzigeuza kuwa hati za Kirumi. Sasa mtu fulani asiyejulikana huchukua toleo mojawapo, pengine yote mawili kwa pamoja, akayaandika upya kwenye ukurasa wake. Akikuta neno mato huona limekosewa, akaandika macho. Akikuta nti huweka nchi. Ndia inakuwa njia. Ameshasahihisha, na moyo wake umetulia.

Mwanafunzi anaufikia ukurasa huo akiwa na mada ya tasnifu kuhusu sifa za kilahaja katika tendi za Kiamu. Anahesabu maneno, anachora majedwali, na kufikia hitimisho kwamba mtunzi alikwishaanza kuielekea lugha sanifu katikati ya karne ya 19! Usanifishaji wa Kiswahili kama tujuavyo ulianza rasmi mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Mwana Kupona alikuwa amelala kaburini miongo mingi. Kilichopimwa na mwanafunzi huyo ni mkono wa mchapaji asiye na jina. Tasnifu nzima imejengwa juu ya marekebisho ya mtu aliyedhani anasaidia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba suala hili si la adabu za uandishi wa marejeleo tu, kama baadhi yetu wanavyolichukulia. Linaamua kama tumesema lolote la kweli kuhusu lugha yetu.

Kinyume chake, Maktaba ya Shule ya Taaluma za Mashariki na Afrika ya London ina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili, ikiwemo iliyonakiliwa na mwandishi mashuhuri wa Lamu, Muhammad Kijuma, na sehemu ya hazina hiyo imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Msomi aliyeko Eldoret au Maseno anaweza kuutazama mwandiko ambao zamani ungemhitaji nauli ya ndege. Mhadhiri anayepiga marufuku tovuti zote anamfungia mwanafunzi wake mlango huu pia. Vilevile anamzuilia jarida la Swahili Forum, lililoanza kutolewa Ujerumani mwaka 1994 na ambalo makala yake husomwa bure mtandaoni, mengine yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili na wasomi wetu wenyewe. Anamzuilia pia kusoma Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 katika tovuti ya shirika linalochapisha sheria za nchi, ambamo kifungu cha 7 kinaeleza bayana kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Nimesoma kazi zinazolinukuu jambo hilo kutoka gazetini, gazeti likiwa limechanganya mambo hayo mawili, kwa sababu tu gazeti ni karatasi na karatasi inaruhusiwa.

Marufuku ina madhara mengine yasiyozungumzwa hadharani. Mwanafunzi aliyekatazwa Wikipedia haachi kuisoma. Anaisoma usiku, anashuka hadi mwisho wa ukurasa, anakuta kitabu kilichotajwa hapo, kisha anakiandika kitabu hicho katika marejeleo yake pamoja na nambari ya ukurasa, ilhali hajapata kukishika. Mhadhiri anafurahi kwa kuona kitabu. Huu ni uongo, na ni uongo tunaoufundisha sisi wenyewe kwa kanuni zetu. Binafsi ningependelea mara mia mwanafunzi aandike wazi kwamba alisoma Wikipedia siku fulani, kuliko anidanganye kwa kitabu cha kukopa. Wa kwanza amenipa sanadi dhaifu lakini ya kweli. Wa pili ameghushi mnyororo mzima.

Na kwa kuwa nimeitaja Wikipedia, haifai niipite haraka. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Google iliandaa shindano lililowaalika wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania kuiandikia makala, kwa zawadi. Mwaka huo huo wa 2009 Google ilikuwa imekiingiza Kiswahili katika mtambo wake wa kutafsiri. Msomaji anaweza kukisia nini hutokea kazi ya kushindania zawadi inapokutana na mtambo wa kutafsiri. Hata leo ukizipitia makala za ensaiklopidia hiyo utaona baadhi zilizoandikwa kwa ustadi na watu wanaoijua mada na lugha, na jirani yake nyingine ambamo upatanisho wa ngeli umevunjika na majira ya kuchipua kwa miti yameitwa chemchemi. Zote zina rangi moja, chapa moja na jina moja la tovuti. Kusema kwamba Wikipedia inaaminika, au haiaminiki, ni sawa na kusema kwamba soko la Kongowea lina embe nzuri. Embe ipi, ya nani?

Lugha zenye waandishi wachache mtandaoni ziko katika hatari ya pekee. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, zaidi ya makala 20,000, iliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alichukua makala za Kiingereza, akabadilisha tahajia na maneno hapa na pale. Alifanya hivyo kwa miaka kadhaa bila nia mbaya, na Waskoti wenyewe hawakuwepo pale kumsimamisha. Mtu aliyetaka kujua Kiskoti kinaandikwaje alijifunza kutoka kwa kijana huyo. Kiswahili kina wazungumzaji wengi kuliko Kiskoti, naam, lakini idadi ya wazungumzaji haihariri makala. Anayehariri ni mtu aliyeketi akafanya kazi.

Hiyo idadi ya wazungumzaji nayo ni kisa kinachojitegemea. Karibu kila tasnifu ya isimujamii hufunguliwa kwa sentensi inayotaja ni mamilioni mangapi ya watu huzungumza Kiswahili. Mmoja huandika 50, mwenziwe 100, wa tatu 150. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mnamo Novemba 2021, milioni 200 ndiyo inayotawala, kwa kuwa shirika hilo lilisema zaidi ya milioni 200. Wakati huo huo Ethnologue, orodha ya lugha za dunia inayotolewa na shirika la SIL, imekuwa ikitoa katika matoleo ya miaka ya karibuni jumla isiyofika milioni 100. UNESCO ni shirika kubwa la kimataifa. Ethnologue hutumiwa na wanaisimu duniani kote. Kwa vigezo vya kawaida tovuti zote mbili zinaaminika, na bado moja inazidi nyingine maradufu.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kuiamini tovuti si kazi iliyokwisha. Lazima tuulize takwimu ilipatikanaje. Ni nani anayehesabiwa: aliyezaliwa katika Kiswahili, anayekizungumza vizuri kama lugha ya pili, au yeyote anayeweza kununua sukuma wiki kwa Kiswahili? Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilichapisha idadi ya watu kwa makabila, na kabila si lugha. Mluo wa Nakuru aliyeandikwa Mluo huenda hushinda akizungumza Kiswahili kutwa kucha. Kwa hivyo mwenye kutaja idadi ya wazungumzaji anakadiria, na makadirio hutegemea malengo ya mkadiriaji. Shirika linaloadhimisha lugha lina sababu ya kuhesabu kwa ukarimu. Mwanafunzi anayejua hayo anaweza kuzitaja tarakimu zote mbili na kueleza pengo lililopo, na aya hiyo moja itakuwa na thamani kuliko kurasa kumi za utangulizi zinazoimba sifa za lugha.

Wakati mwingine tovuti mbili huonekana zikipingana na kumbe hazizungumzii kitu kimoja. Ukurasa mmoja hutaja barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa kuwa ndiyo maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana. Mwingine hutoa heshima hiyo kwa Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na mwaka 1728. Barua si utendi. Anayeuliza kuhusu maandishi na anayeuliza kuhusu fasihi wanauliza maswali mawili. Hata hivyo, sentensi hizi mbili hunakiliwa kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa maneno yale yale, hata koma zikibaki mahali pake, na mwanafunzi anayezikuta katika kurasa kumi hudhani amepata mashahidi kumi. Amepata shahidi mmoja na mwangwi wake mara tisa.

Tugeukie sasa mbinu zinazofundishwa. Mwaka 2004 wakutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Chico walibuni orodha ya maswali ya kuupimia ukurasa: je, ni wa karibuni, unahusiana na mada, mwandishi ana mamlaka, habari ni sahihi, na lengo la ukurasa ni nini? Orodha hiyo imeenea hadi katika vijitabu vya maktaba nyingi za vyuo vikuu. Si mbaya. Kasoro yake ni kwamba humfanya mwanafunzi aukodolee macho ukurasa wenyewe, na ukurasa unaweza kujipamba. Kuanzia mwaka 1999, kwa muda wa karibu miongo miwili, palikuwapo tovuti iliyobeba jina kamili la Martin Luther King na kuishia na alama ya mashirika. Ilionekana kama kumbukumbu ya shujaa huyo. Mmiliki wake alikuwa Stormfront, kundi la wabaguzi wa rangi, na lengo lake lilikuwa kumpaka matope. Alama ya mashirika huuzwa kwa yeyote mwenye fedha. Hata alama za vyuo vikuu hazitoshi peke yake, kwa kuwa chini ya anwani ya chuo hukaa utafiti wa profesa pamoja na insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza iliyosahauliwa hapo.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa mwaka 2017 utafiti unaofaa kusomwa na kila mhadhiri mwenye kujiamini mno. Waliwapa watu 45 kazi ya kupima tovuti: wanahistoria kumi wenye shahada za uzamifu, wanafunzi 25 wa Stanford, na wahakiki kumi wa ukweli wa habari katika vyombo vya habari. Katika zoezi mojawapo walilinganishiwa kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto vya Marekani vyenye majina yanayokaribiana: kimoja cha mwaka 1930 chenye wanachama makumi ya maelfu, kingine kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Wanafunzi wengi waliona kile kidogo ndicho cha kuaminika zaidi, na wanahistoria nao baadhi yao hawakuweza kuvitofautisha. Walisoma kwa makini, kuanzia juu hadi chini, kama walivyofunzwa. Wahakiki wa habari hawakufanya hivyo. Walikaa katika ukurasa kwa muda mfupi tu, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza wengine wanasemaje kuhusu wenye tovuti hiyo. Waligundua haraka.

Kwa lugha yangu, wanahistoria waliisoma matini, wahakiki wakaitafuta sanadi. Hukumu ya mpokezi haikutolewa kamwe kwa kumuuliza mpokezi mwenyewe kama yeye ni mkweli.

Orodha za maswali zina kasoro nyingine kwetu. Zinapouliza mamlaka ya mwandishi humaanisha shahada na taasisi. Basi mzee wa Lamu au wa Kisauni aliyetunga mashairi kwa miaka 40, ambaye mjukuu wake anayaweka mtandaoni pamoja na maelezo ya msamiati, atapata sufuri. Hana shahada, hana idara, na pengine ukurasa wake umejaa makosa ya chapa. Lakini anapoeleza maana ya neno la Kimvita analotumia yeye mwenyewe, hakuna profesa anayemzidi. Ukurasa ule ni chanzo cha msingi na unapaswa kushughulikiwa hivyo: kama tunavyomshughulikia mtoa habari nyanjani. Mzee yule yule akiandika kwamba neno fulani limetoka Kiajemi, hapo tunamhitaji mtaalamu wa etimolojia. Mtu mmoja anaweza kuwa shahidi thabiti wa jambo hili na dhaifu wa jambo lile, ndani ya aya moja.

Nao wahadhiri wasidhani kwamba jina la jarida ni kinga. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha matokeo ya jaribio la mwandishi John Bohannon, aliyetuma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi ya kisayansi, kwa majarida 304 ya mtandaoni. Zaidi ya nusu yaliikubali. Majarida ya aina hiyo yanatoza ada na kuahidi kuchapisha upesi. Baadhi yana majina ya kifahari yenye neno kimataifa. Tunayajua. Yamo katika orodha za machapisho zinazowasilishwa watu wanapoomba kupandishwa vyeo, na wanaoziwasilisha si wanafunzi.

Jambo jingine ni kudumu kwa kurasa. Kitabu kilichorejelewa mwaka 2003 bado kipo rafuni, vumbi lake likiwa ndilo lililoongezeka. Tovuti hufa. Yahoo ilipoifunga GeoCities mnamo Oktoba 2009 kurasa zisizohesabika za watu binafsi zilitoweka kwa mkupuo. Mradi wa kamusi ya Kiswahili ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ulikuwa msaada mkubwa kwa wengi wetu, kisha ukahama kutoka chuoni humo, na anwani ya zamani iliyomo katika tasnifu za wakati huo haimfikishi mtu popote. Ndiyo sababu tarehe ya kuufungua ukurasa lazima iandikwe, na inafaa mwanafunzi aihifadhi nakala ya ukurasa anaoutegemea. Shirika la Internet Archive limekuwa likihifadhi nakala za kurasa tangu mwaka 1996, na yeyote anaweza kuliomba lihifadhi ukurasa fulani kwa kubofya mara moja au mbili. Sielewi kwa nini miongozo mingi ya uandishi wa tasnifu niliyoisoma hailitaji.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 mambo yameingia sura nyingine kwa kuja kwa programu za akili mnemba zinazojibu maswali kwa insha iliyonyooka. Huko nyuma ukurasa mbovu ulikuwa angalau na mwandishi, hata kama hakujitaja. Programu hizi husuka jibu kutokana na maandishi yasiyohesabika, na ukiziomba marejeleo huweza kukupa majina ya watu, ya majarida na nambari za kurasa ambazo hazikupata kuwapo. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na programu ya namna hiyo. Ikiwa mawakili wenye leseni walinaswa, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetafuta marejeleo ya tendi usiku wa manane yuko hatarini zaidi, maana katika taaluma yetu maandishi ya mtandaoni ni haba na programu hujaza mapengo kwa ufasaha mtupu. Hapa mnyororo haukukatika tu, haukuwapo.

Ninapendekeza mambo mawili kwa idara, na moja kwa chama chetu. Kwanza, marufuku ya jumla iondolewe, na badala yake kila rejeleo la tovuti liambatane na sentensi moja ya mwanafunzi inayosema ni nani mwenye ukurasa, maarifa yale ameyatoa wapi, na mwanafunzi amehakikisha kwa njia gani. Asiyeweza kuiandika sentensi hiyo aliondoe rejeleo. Pili, sentensi hiyo iwahusu vitabu vilevile: mwanafunzi aliyekipata kitabu kupitia kwa mwandishi mwingine aseme hivyo.

Kwa chama, tunazo Wikipedia ya Kiswahili na makala zake kuhusu washairi wetu, lahaja zetu na tendi zetu, baadhi zikiwa fupi kuliko tangazo la kifo. Kila mwaka tunaandika mamia ya karatasi za muhula ambazo huishia katika kabati la idara. Wanachama watano wa kila mwaka wa masomo, wakisimamiwa na mhadhiri mmoja, wangeweza kuchukua makala tano kila muhula, wakaweka chanzo kwa kila dai na kuondoa yasiyo na chanzo. Makala ya Mwana Kupona ingefaa iwe ya kwanza, na kazi ya kwanza katika makala hiyo iwe kueleza ni miswada ipi na matoleo yapi yaliyotufikishia utendi wake.